Kilengeo: jina la kichuma kilicho juu ya mtutu

Mwenye raifo kongwe mjini Babati akisema "shabaha ya bunduki yangu imeganda," wengi watakisia tu anachomaanisha. Shabaha ni karatasi iliyobandikwa mbali ili ipigwe. Shabaha pia ni ustadi wa mpigaji. Hapa tena imekuwa kichuma kilichosimama karibu na ncha ya mtutu. Fundi akiambiwa "peleka shabaha kulia," apeleke kichuma, au apeleke mahali risasi inapotua? Kwa kilengeo cha mbele, maagizo hayo mawili yanapingana kabisa.

Ndiyo maana nashika neno kilengeo: lenga, lengea, kilengeo, kwa ki- ileile ya vifaa tuliyo nayo katika kizibo na kifuniko. Kilengeo cha nyuma kina pengo au tundu. Cha mbele ni kibapa chembamba. Mpigaji hukipanga kibapa ndani ya pengo, kisha akakielekeza kwenye shabaha.

Katika Lee-Enfield za .303, bunduki za jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kibapa hukaa kwenye mfuo uliokatwa kukingama mtutu, mpana chini na mwembamba juu ili kisichomoke. Kutu ikiingia humo, kilengeo hakisogei.

Kabla ya kukilegeza, bunduki itolewe risasi na chemba ikaguliwe kwa macho na kwa kidole. Mtutu ubanwe kwenye jiliwa lililowekwa ngozi au mbao, mafuta ya kulainisha kutu yaachwe yapenye usiku kucha, na alama ichorwe kuonyesha kilengeo kilipokuwa. Kisha kigongwe taratibu kwa kipande cha shaba, ambayo ni laini kuliko chuma cha pua.

Kilengeo cha mbele husogezwa kuelekea upande ambao risasi inakosea. Cha nyuma, upande unaotaka risasi iende. Risasi zikitua sentimita 20 kulia kwa mita 100, na vilengeo vikiwa vimeachana sentimita 60, kibapa husogezwa kulia milimita 1.2 tu. Anayegonga kwa nguvu atapitiliza.

Kosa hilo dogo lina uzito Babati. Katika vijiji vya Burunge, kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara, tembo hupita karibu na mashamba na malisho. Risasi ya askari wa wanyamapori ikienda pembeni, mnyama hubaki na jeraha, na wa kwanza kukutana naye huenda akawa mtoto anayechunga ng'ombe. Kazi hii apewe fundi mwenye leseni, na bunduki ijaribiwe kwenye uwanja wa shabaha kabla ya kurudi porini.

Nanyi mnaoandika miongozo ya askari hao, andikeni kilengeo cha mbele na kilengeo cha nyuma. Neno shabaha libaki kwa kile kinachopigwa.