Kalamu ya Rafiki

Tumezoea kudhani kwamba maneno mazito huandikwa na mtu aliyejifungia peke yake. Historia ya shairi moja la Kiingereza, The Waste Land, inatufundisha vingine.

Mtunzi wake, T. S. Eliot, alizaliwa Marekani mwaka 1888, akahamia Uingereza. Mwaka 1921 alikuwa mfanyakazi wa benki jijini London, ndoa yake ikiwa na mashaka, na Ulaya ikiwa bado inaomboleza wafu wa Vita Kuu ya Kwanza. Alielemewa hata akapewa likizo ya miezi mitatu, akaenda Margate, kisha Lausanne, Uswisi, kwa matibabu. Huko alikamilisha rasimu yake: picha ya nchi kavu isiyo na maji, na watu wanaoishi kana kwamba wamekwisha kufa.

Hakuificha. Mkewe, Vivienne, aliisoma na kuandika maoni yake pembeni. Mapema mwaka 1922, huko Paris, aliikabidhi kwa mshairi mwenzake, Ezra Pound, ambaye alikata bila huruma; kurasa nzima zikaondoka. Ikabaki mistari mia nne na ushei. Mwezi Juni Eliot aliwasomea kwa sauti Leonard na Virginia Woolf, na mwezi Oktoba shairi likatoka katika jarida lake, The Criterion. Mwaka uliofuata akina Woolf wakalichapa kuwa kitabu, wakipanga herufi kwa mikono yao. Rasimu yenye alama za kalamu ya Pound ilichapishwa mwaka 1971, na inaonyesha wazi kwamba shairi liliponywa kwa kukatwa.

Juni 1927 Eliot alibatizwa kimyakimya katika kanisa la kijiji cha Finstock. Virginia Woolf, aliyelipokea vyema shairi la ukame, alisikitika kusikia kwamba rafiki yake amepata maji.

Hapa pana ugumu. Waliomsaidia kuisema kweli kuhusu kiu hawakukiamini kisima. Pound mwenyewe baadaye aliutetea ufashisti wa Mussolini na kuwatukana Wayahudi redioni. Kipawa chake hakikumhesabia haki, wala dhambi yake haikufuta msaada alioutoa. Sisi Walutheri tusishangae: Mungu huwapa watu karama hata kabla hawajamshukuru.

Mwaka 1537, katika Makala za Schmalkalden, Martin Luther alitaja njia ambazo Injili hutufikia: mahubiri, Ubatizo, Meza ya Bwana, ondoleo la dhambi, na pia mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Hiyo ya mwisho tumeiacha ikauka. Sisi wachungaji huandika mahubiri tusimwonyeshe mtu. Katika jumuiya twasoma haraka, tukiogopa kuonekana hatujaelewa. Akikosoa mzee wa kanisa, twanuna.

Yule towashi wa Kushi alikuwa na cheo, gari na chuo cha nabii mikononi. Hata hivyo hakuona haya kukiri mbele ya Filipo, mtu asiyemjua, kwamba hawezi kuelewa bila kuongozwa. Alimpandisha garini, wakasoma pamoja, na mbele kidogo maji yakaonekana njiani.

Jumapili ijayo, kabla ya kupanda mimbarani, tumpe nani kalamu?