Mafunzo ya Bweni na Kuaminiana kati ya Wasioona na Mbwa Waongozaji: Kutoka Oldenburg hadi New Jersey, 1916–1938

Utangulizi

Historia ya mbwa waongozaji wa wasioona mara nyingi huandikwa kana kwamba ni historia ya mbwa peke yake: namna alivyochaguliwa, alivyofundishwa, na matendo ya kusifika aliyoyafanya barabarani. Mtazamo huo huacha pembeni swali la msingi. Mbwa aliyefundishwa na mkufunzi mwenye kuona hufikaje mikononi mwa mtu mwingine asiyemjua, na akakubali kumwongoza? Na mtu huyo, ambaye uhai wake utategemea hatua za mnyama penye magari, hupata wapi ujasiri wa kumfuata? Insha hii inajadili jibu lililotolewa na shule za mwanzo za Ulaya na Marekani, yaani kumweka mtu na mbwa wake shuleni pamoja kwa takriban mwezi mzima. Hoja inayojengwa ni kwamba bweni halikuwa suala la malazi tu. Lilikuwa ndilo somo lenyewe, kwa kuwa hapo ndipo mamlaka yalipogawanywa upya kati ya mtu na mnyama, na kila mmoja akajifunza ni wakati gani aongoze na ni wakati gani atii.

Chimbuko katika Ujerumani ya vita

Shule ya kwanza inayofahamika ya kufundisha mbwa waongozaji kwa utaratibu maalumu ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa juhudi za daktari Gerhard Stalling. Mazingira yake yalikuwa ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Gesi za sumu na vipande vya mabomu vilikuwa vimewapofusha askari wengi vijana, ambao kabla ya vita walikuwa wafanyakazi na wakuu wa familia. Mbwa alikuwa tayari ameingizwa katika utumishi wa jeshi kama mjumbe na mtafutaji wa majeruhi, hivyo hatua ya kumfanya kiongozi wa askari aliyepofuka haikuwa ndefu.

Shule hiyo ilitanua matawi katika miji mingine kabla ya kufungwa mwaka 1926. Wakati huo chama cha wafugaji wa mbwa aina ya German Shepherd kilikuwa kimekwisha kufungua kituo kingine huko Potsdam, mwaka 1923. Huko Potsdam utaratibu wa hatua mbili ulionekana waziwazi. Kwanza mbwa alifundishwa na mkufunzi kwa miezi kadhaa; kisha asiyeona aliitwa kuja kukaa kituoni ili afundishwe pamoja na mbwa wake. Hatua ya pili ndiyo iliyobeba uzito wa jambo zima. Mbwa aliyeifaulu hatua ya kwanza alikuwa na ustadi, lakini ustadi huo bado ulikuwa umefungamana na sauti, mwendo na upendo wa mkufunzi.

Fortunate Fields na ombi la Morris Frank

Habari za Potsdam zilivuka bahari kupitia kwa Dorothy Harrison Eustis, mwanamke wa Kimarekani aliyeishi Uswisi. Katika kituo chake kilichoitwa Fortunate Fields, karibu na mji wa Vevey, Eustis pamoja na mkufunzi Elliott Humphrey walizalisha na kufundisha mbwa kwa ajili ya kazi mbalimbali, zikiwemo za polisi na jeshi. Baada ya kuzuru Potsdam, aliandika makala iliyochapishwa katika gazeti la Saturday Evening Post mwezi Novemba 1927.

Miongoni mwa waliosomewa makala hiyo alikuwa Morris Frank, kijana wa Nashville, Tennessee, aliyepoteza jicho moja utotoni na la pili akiwa na umri wa miaka 16. Frank alimwandikia Eustis akiomba mbwa, na akaahidi kwamba akifanikiwa atawafundisha Wamarekani wengine wasioona. Mwaka 1928 alisafiri hadi Uswisi. Safari yenyewe ilidhihirisha hali aliyotaka kuiepuka, kwa maana alisafirishwa chini ya uangalizi kana kwamba ni kifurushi, asiweze kutoka na kutembea kwa hiari yake.

Huko Fortunate Fields, Frank alikabidhiwa mbwa jike aliyeitwa Kiss, naye akambadilisha jina na kumwita Buddy. Badiliko hilo, ingawa ni dogo, linaeleza kiini cha mafunzo ya bweni. Jina la awali lilikuwa la kituo. Jina jipya lilikuwa la uhusiano mpya. Alijifunza pamoja na mbwa huyo katika njia na mitaa ya Vevey chini ya uangalizi wa Humphrey. Katika kumbukumbu zake, tukio analolitaja kuwa la ukombozi si la kishujaa: ni kwenda kunyolewa nywele bila kusindikizwa. Aliporejea New York mwaka huohuo, alivuka barabara yenye msongamano mbele ya waandishi wa habari huku Buddy akimwongoza.

Lugha ya mpini

Ili kufahamu kilichofundishwa bwenini, ni lazima kueleza namna mtu na mbwa mwongozaji wanavyowasiliana. Mbwa huvishwa mikanda kifuani na mgongoni, nayo huunganishwa na mpini mgumu unaoshikwa na asiyeona kwa mkono wa kushoto. Kamba laini ingepoteza habari nyingi njiani. Mpini mgumu hufikisha mkononi kila badiliko la mwendo, kupinda, kupunguza kasi au kusimama. Mtu hutoa amri chache: mbele, kulia, kushoto. Kinyume na inavyodhaniwa na wengi, mbwa si msomaji wa ramani wala wa taa za barabarani. Mtu ndiye anayejua anakokwenda, ndiye anayesikiliza magari na kuamua wakati wa kuvuka. Kazi ya mbwa ni kukwepa vizuizi, kusimama penye ngazi na ukingo wa barabara, na kukataa amri inapokuwa ya hatari.

Kukataa huko, kunakoweza kuitwa ukaidi wa busara, ndiko kunakoitofautisha kazi hii na utiifu wa kawaida. Mbwa anayetii kila amri angemwingiza bwana wake mbele ya gari. Hata hivyo, kukataa kwa mbwa hakuna faida iwapo mtu hakuamini. Asiyeona anayeamuru mbele na kuhisi mpini umekwama ana njia mbili: kulazimisha au kusubiri. Katika siku za mwanzo, hofu humfanya alazimishe, au asite hata pale mbwa anapokwenda sawasawa. Na kwa kuwa mpini hupeleka habari pande zote mbili, kusita kwa mkono humfikia mbwa mara moja na kumtia mashaka. Kwa hiyo mawasiliano hayakuwa suala la kukariri amri. Amri zingeweza kujifunzwa kwa siku moja. Kuusoma mpini bila hofu kulihitaji wiki kadhaa.

Ndiyo maana maisha ya bweni yalipangwa ili kuhamisha mapenzi ya mbwa. Mwanafunzi ndiye aliyemlisha, kumswaki manyoya na kulala naye chumba kimoja, ilhali mkufunzi aliyezoeleka alijitenga hatua kwa hatua. Matembezi yalianza katika njia tulivu, yakaendelea hadi mitaa yenye shughuli nyingi, na mkufunzi akazidi kurudi nyuma hadi wawili hao wabaki peke yao.

Ada, marejeo na mipaka

Frank alitimiza ahadi yake. Tarehe 29 Januari 1929, shule ya The Seeing Eye iliandikishwa Nashville kwa msaada wa Eustis, na baadaye ikahamia New Jersey. Katika miaka ya 1930 shule iliweka ada ya dola 150 kwa mbwa wa kwanza na dola 50 kwa kila mbwa aliyefuata. Kiasi hicho kilikuwa chini sana ya gharama halisi, na mwanafunzi aliruhusiwa kulipa kidogokidogo. Lengo lilikuwa kumwondoa asiyeona katika nafasi ya mpokea sadaka. Anayetarajiwa kuamua katikati ya barabara hakupaswa kuingia shuleni kwa mlango wa huruma.

Utaratibu wa mbwa wa pili unatoa ushahidi mzito zaidi wa hoja ya insha hii. Buddy alikufa mwaka 1938, na Frank, mtu aliyekuwa na uzoefu wa miaka 10, alilazimika kuanza upya na mbwa mwingine, ambaye pia alimpa jina la Buddy. Lau bweni lingekuwa mahali pa kutolea maarifa tu, mhitimu asingekuwa na sababu ya kurudi. Alirudi kwa sababu kuaminiana si elimu anayoibeba mtu kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine. Hujengwa na kila mbwa kwa upya wake.

Njia hii ilikuwa na mipaka yake. Mwezi mmoja mbali na nyumbani haukuwa jambo jepesi kwa aliyetegemea kibarua cha kila siku au aliyekuwa na watoto wa kulea. Aidha, kuaminiana kulikojengwa bwenini kungeweza kukwamishwa na milango ya nje. Hoteli, mikahawa na treni zilizomzuia mbwa zilimrudisha asiyeona katika utegemezi uleule. Frank alitumia miaka mingi kupigania jambo hilo. Kufikia 1935 makampuni ya reli ya Marekani yalikuwa yamewakubali mbwa waongozaji ndani ya mabehewa, na kufikia 1956 kila jimbo lilikuwa na sheria ya kuwaruhusu katika maeneo ya umma.

Hitimisho

Mjadala huu umeonesha kwamba mafanikio ya mbwa waongozaji hayawezi kuelezwa kwa akili ya mbwa wala kwa ustadi wa mkufunzi pekee. Oldenburg na Potsdam ziliweka msingi, Fortunate Fields ikauthibitisha kwa mwanafunzi mmoja, na The Seeing Eye ikaufanya utaratibu wa kudumu. Katika hatua zote hizo, mkufunzi alihesabiwa kuwa amefaulu pale alipoacha kuhitajika. Kwa asiyeona, matokeo yalikuwa uhuru wa namna ya pekee: aliupata kwa kukubali kwamba, kwa nyakati fulani, mbwa anayemwamuru ana haki ya kumkatalia.