Helen Keller: Kusoma Kulikoanzia Majini

Tarehe 5 Aprili mwaka 1887, katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, mwalimu Anne Sullivan alimwongoza mwanafunzi wake hadi kwenye pampu ya maji nje ya nyumba. Helen Keller, mwenye umri wa miaka 6, alikuwa haoni wala hasikii tangu alipougua akiwa na miezi 19. Siku hiyo alikuwa akichanganya jina la kikombe na la kile kilichomo ndani yake. Maji yalipomwagika juu ya mkono wake mmoja, Sullivan alitahajia kwa vidole, katika kiganja cha mkono wa pili, neno la Kiingereza lenye maana ya maji. Mtoto akatulia. Akatambua kwamba alama zile ni jina la kitu, na kwa muda wa saa chache akajifunza maneno mapya 30.

Tamthilia ya mwaka 1959 na filamu ya mwaka 1962 zilikifanya kisa hicho kuwa kilele chake, na wengi hudhani kazi iliishia pampuni. Sivyo. Kulijua jina la maji si kusoma.

Sullivan, aliyekuwa hajatimiza miaka 21 na mwenye macho dhaifu, alikuwa amehitimu katika shule ya wasioona ya Perkins, mjini Boston. Siku chache baada ya tukio hilo aliachana na masomo ya ratiba. Alikuwa amemchunguza binamu yake Helen, mtoto wa miezi 15, akaona kwamba mtoto huelewa maneno kwa kuwa watu humsemesha mchana kutwa, wala hakuna anayemketisha kumfunza. Basi darasa likahamia nje.

Mahali walipopapenda zaidi ni gati bovu la mbao kando ya Mto Tennessee, lililotumika kuteremshia wanajeshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hapo walijenga mabwawa kwa kokoto, wakafanyiza visiwa na maziwa, wakachimba njia za mito. Katika kitabu chake cha mwaka 1903, Helen alieleza kuwa hakuwahi kudhani yumo masomoni. Jiografia ilimwingia kupitia vidole vilivyolowa.

Kusoma nako kulifuata mkondo huo huo. Sullivan alimpa vipande vya kadi vyenye maneno ya herufi zilizoinuka, naye akaviweka juu ya vitu vyenyewe. Siku moja Helen alijibandika kwenye aproni neno "msichana", akaingia ndani ya kabati la nguo, kisha akapanga rafuni maneno ya kukamilisha sentensi: msichana yumo kabatini. Hakuna mtihani uliompa alama kwa hilo, ingawa alistahili.

Mwezi Mei alisoma hadithi yake ya kwanza. Mwezi Juni, kabla ya miezi mitatu kutimia tangu siku ya pampu, alimwandikia binamu yake barua kwa penseli.