Upasuaji wa jumla

Upasuaji wa jumla ni tawi la tiba linaloshughulikia hasa maradhi ya tumboni: kidole tumbo, matumbo, ini na nyongo. Humo pia mna ngiri, uvimbe wa matiti, tezi ya shingo na majeraha ya ajali. Mwenye taaluma hiyo ni daktari bingwa wa upasuaji wa jumla.

Neno jumla huwapoteza wengi. Sokoni ni kinyume cha rejareja. Hospitalini hudhaniwa kuwa kinyume cha ubingwa, kana kwamba daktari huyu hajabobea popote. Sivyo. Katika COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao Arusha, mafunzo yake huchukua miaka mitano juu ya shahada ya udaktari.

Kitenzi pasua nacho hutuonyesha kisu tu, ilhali kazi kubwa ni kuamua. Chukua ngiri iliyobanwa. Kipande cha utumbo hupenya tundu la kinena, kikanasa, damu ikashindwa kupita. Mgonjwa hutapika, tumbo hujaa, uvimbe haurudi ndani. Akicheleweshwa, utumbo huoza.

Daktari hupanua tundu na kuunasua utumbo, kisha huufunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Husubiri dakika kadhaa, akitazama rangi. Weusi ukitoweka na utumbo ukaanza kujongea, huurudisha ndani. Ukibaki mweusi, hukata kipande kilichokufa, huunga ncha mbili zilizo hai, kisha huziba tundu. Mgonjwa aliyekuwa anakufa hurudi kulima na kulea wanawe.

Hafanyi hayo peke yake. Yupo mtoa nusukaputi, wapo wauguzi wanaohesabu vitambaa kabla jeraha halijafungwa. Kuhesabu huko kumo katika orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Basi tulitaje jina la daktari huyu kwa ukamilifu, na neno bingwa lisidondoke. Jumla hapa ni upana wa ujuzi, na upana huo ndio unaohitajika hospitali ya wilaya, ambako mlango huohuo humpokea mwenye kidole tumbo na aliyegongwa na bodaboda. Na ngiri isiyorudi ndani, yenye maumivu na kutapika, haingoji kesho: mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo.