Telekomande, Kerneli na Mafundi wa Nyakasanza

Wateja wa Nyakasanza wana kauli moja kwa kila ugonjwa wa telekomande: "Fundi, hii ilikufa, unipatie ingine." Nawajibu, "Mama, ngoja kwanza." Nafungua kamera ya mbele ya simu, kwa kuwa ile ya nyuma kwenye simu nyingi ina kichujio kinachozuia mionzi ya infraredi ya telekomande, naelekeza kitaa cha telekomande kwenye lenzi na kubonyeza. Kikimeta zambarau kwenye kioo cha simu, telekomande ni nzima. Kuna mwingine hapo ndani asiyesikia.

Natengeneza redio, televisheni na kompyuta katika mtaa huu wa Bunia tangu watu walipoanza kurudi majumbani baada ya vita vya 2003. Kwa miaka mingi huyo asiyesikia alikuwa kipande cha plastiki nyeusi chenye miguu mitatu, na dawa yake ilikuwa pasi ya kuchomelea na risasi kidogo. Kwenye kompyuta za Linux mambo yalibadilika: asiyesikia akawa kerneli, ule moyo wa mfumo unaosimamia vifaa vyote, na pasi ikabaki mezani haina kazi. Nataka kueleza jinsi kosa lilivyohama, maana lilituumiza sisi tunaonunua intaneti kwa tabu kuliko lilivyowaumiza waliolisababisha.

Tuanze na telekomande yenyewe: zile za mwanzo hazikutumia infraredi. Kampuni ya Zenith ya Chicago ilitoa Flash-Matic mwaka 1955, kazi ya Eugene Polley: ilikuwa tochi ya kumulika pembe za televisheni, na jua likipiga dirishani televisheni ingeweza kujibadilishia chaneli yenyewe. Mwaka uliofuata Robert Adler, wa kampuni hiyo hiyo, akaleta Space Command, yenye vinyundo vilivyogonga fito za alumini na kutoa mlio wa juu mno kwa sikio la mtu. Haikutumia betri hata moja, jambo ambalo wateja wangu wangelifurahia sana. Infraredi ilishika nafasi baadaye, na ndiyo tuliyoikuta.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Kitaa humeta kwa kasi, kwa kawaida mara 38,000 kwa sekunde, ili kisichanganywe na jua wala balbu. Kwa utaratibu wa NEC, ambao naukuta kwenye dekoda nyingi za bei nafuu, ujumbe huanza na mmeto wa milisekunde 9, ukimya wa milisekunde 4.5, halafu namba ya kifaa na kinyume chake, namba ya kitufe na kinyume chake. Philips walikuwa na RC-5 yao, ya mara 36,000. Sony wakachagua 40,000. Bidhaa za wote hao hutufikia kupitia Uganda, kwa barabara ya Mahagi au kwa boti kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi na Tchomia, na sokoni zinalundikwa pamoja. Ndiyo maana fundi wa hapa hujua taratibu tatu kabla hajajua kusoma mchoro mmoja wa saketi.

Sali za video, yaani kumbi za kuonyeshea filamu, ndizo zilizonifundisha upande wa kompyuta. Mwenye sali alikuwa na kompyuta ya mitumba, jenereta nje, na benchi zilizojaa vijana wanaopiga kelele filamu ikikwama. Hakutaka kuinuka kila mara kwenda kwenye kibodi. Kipokezi cha kununua hakikupatikana, ila kompyuta zile kuukuu zilikuwa na tundu la serial nyuma, lile la pini 9, na tukajiundia wenyewe. Kipokezi TSOP1738 kilitolewa kwenye televisheni iliyokufa kweli. Umeme uliibwa kwenye pini 7, ukapita kwenye dayodi na kidhibiti 78L05 ili ushuke hadi volti 5, pini 5 ikawa ardhi, na ishara ikaingia kwa pini 1. Kapasita moja, kizuizi kimoja, vyote ndani ya kifuniko cha kalamu ya wino. Mchoro huo ulitumiwa na mafundi wa nchi nyingi, nasi tuliunakili kwa mkono kwenye daftari.

Programu iliyosikiliza kifaa hicho ni LIRC. Ralph Metzler aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1990, Karsten Scheibler na Christoph Bartelmus wakaiendeleza. Draiva yake, lirc_serial, ilikuwa na masharti: kabla ya kuipakia ilibidi umwamuru mwenye tundu, yaani draiva ya kawaida ya serial, aliachie, la sivyo wawili hao waligombania. Ukishalijua hilo, ilifanya kazi vizuri kabisa.

Shida ni kwamba draiva hizo hazikuwa ndani ya kerneli. Zilikaa pembeni, na kila aliyezitaka alizikompaili mwenyewe. Zilikuwa kama mpangaji asiye na mkataba: mwenye nyumba akihamisha mlango, hana wa kumpa taarifa. Na wenye kerneli huhamisha milango bila aibu. Wameahidi kutovunja programu za mtumiaji, lakini kwa mambo ya ndani hawaahidi chochote. Greg Kroah-Hartman aliandika waraka mzima kuutetea msimamo huo, nao umo ndani ya nyaraka za kerneli yenyewe. Toleo la 2.6.19, la Novemba 2006, liliondoa kigezo kimoja kwenye kazi zinazoitwa pale kifaa kinapomkatiza prosesa. Kila draiva ya pembeni iliyokuwa na kazi ya namna hiyo ikahitaji kuandikwa upya. Toleo la 2.6.36, la Oktoba 2010, likafuta njia ya zamani ya ioctl ambayo draiva zilitumia kuzungumza na programu. Kwa mtu wa sali ya video yote hayo yalikuwa sentensi moja kwenye kioo: "Invalid module format." Filamu inacheza, telekomande inameta, hakuna kinachosogea.

Huko Ulaya dawa ilikuwa kuvuta chanzo kipya na kukompaili tena. Baadaye kukawa na DKMS, iliyotoka Dell, ambayo hukompaili yenyewe kila kerneli mpya inapowekwa. Lakini DKMS inahitaji vichwa (headers) vya kerneli ile ile, na vichwa hupakuliwa. Hapa Bunia kompyuta nyingi zilisasishwa Kampala. Mwenyewe amekwenda kununua mali, ameunganisha kwenye intaneti ya hoteli, mfumo ukajivutia kerneli mpya usiku kucha, naye akarudi na mashine ambayo kerneli yake ni mpya, vichwa hamna, na intaneti ya kuvileta inauzwa kwa megabaiti. Niliwaambia wote: kwenye menyu ya kuwashia chagua kerneli ya zamani, usiifute. Ushauri huo ulikuwa na thamani kuliko pasi yangu.

Kwa nini draiva hizi zilikaa nje zaidi ya muongo mzima? Si uzembe tu. Mwaka 2009 kulikuwa na mabishano marefu: je, kerneli yenyewe itafsiri mimeto kuwa vitufe, au impe mtumiaji mimeto mibichi aitafsiri nje, kama LIRC ilivyozoea? Kila upande ulikuwa na hoja. Jarod Wilson wa Red Hat alisukuma draiva za LIRC ziingie, Mauro Carvalho Chehab akajenga upande wa pili, na mwaka 2010 yakakubaliwa yote mawili: kerneli itafsiri taratibu zinazojulikana kwa majedwali yake, na mlango wa mimeto mibichi ubaki wazi kwa anayeutaka. Kwa maoni yangu ule ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa ulizaa kichekesho. Wateja walianza kulalamika kwamba wakibonyeza mara moja sauti inapanda mara mbili. Kerneli ilikuwa imesikia na kutenda, na LIRC nayo imesikia na kutenda. Ilibidi kufuta jedwali la kerneli kwa programu ya ir-keytable ili abaki mmoja.

Kuingia nyumbani kulichukua muda. Draiva nyingi za LIRC ziliwekwa kwanza kwenye kibaraza cha kerneli, mahali pa kazi zisizokamilika, na moja moja zikaandikwa upya au zikafutwa. Ile ya tundu la serial iligeuka serial_ir mwaka 2017. Wenye Raspberry Pi walipata mshtuko wao mwaka 2019, kerneli 4.19 ilipofika: lirc-rpi ikaondolewa, mahali pake wakapewa gpio-ir ya kupokea na gpio-ir-tx ya kutuma. Mstari mmoja au miwili kwenye config.txt ilitosha kurekebisha, mradi uijue. Kilichowachanganya wengi ni kwamba kifaa kimoja kiligeuka viwili, lirc0 na lirc1, na programu iliyozoea kutuma kupitia lirc0 iliweza kujikuta inamwambia asiye na mdomo.

Tangu hapo, kwenye meza yangu, kesi za kerneli zimepungua sana. Ikija moja, hatua ni chache: soma dmesg, kumbukumbu za kerneli, uone kama kipokezi kimetambuliwa, endesha ir-keytable uone taratibu zipi zimewashwa, kisha ir-keytable -t na ubonyeze. Namba zikitiririka, draiva ni nzima na kinachokosekana ni jedwali la vitufe. Namba zisipotoka kabisa, hapo ndipo narudi kwenye pasi.

Hilo la jedwali ndilo linalobaki kwetu. Majedwali hukaa katika kifurushi cha v4l-utils, faili fupi za maandishi, kila moja na jina la telekomande, utaratibu wake na orodha ya namba na vitufe. Nyingi ni za kadi na vifaa vya Ulaya, Asia na Marekani; za dekoda tunazouziwa Bunia mara nyingi sizioni humo. Vijana wa atelye, kuandika moja ni kazi ya saa moja na betri mbili. Mkishaiandika, msiiache kwenye kompyuta ya mteja: itumeni kwa wanaotunza v4l-utils, iingie ndani, ili mwingine akisasisha Kampala arudi nayo tayari.