Chang'aa, Leseni na Dhamiri



Asubuhi hii natuutazame mtungi wa pombe. Ukisimama hapa Khayega, penye njia panda iendayo Shinyalu, huna haja ya kuuliza chang'aa ni nini. Miwa ni yetu, sukari guru ni yetu, na wapishi ni majirani zetu. Kinywaji hicho kimoja sheria za Kenya zimekihukumu kwa namna mbalimbali katika maisha ya watu ambao wangali hai. Je, kila sheria ilipogeuka, dhambi nayo iligeuka?

Siku za ukoloni sheria ilitazama kwanza rangi ya mnywaji. Hata miaka ya 1940 Mwafrika wa Kenya alikatazwa kununua bia ya chupa, ambayo Mzungu aliinywa hotelini bila kuulizwa neno. Sidhani hapo sheria ililinda maadili. Ulevi ukiwa ni uovu, ni uovu kwa kila ngozi. Lakini siku zile zile lilitokea jambo jingine. Uamsho uliozuka Gahini, nchi ya Rwanda, uliingia Kenya mwaka 1937, na ndugu waliookoka wakasimama mbele ya watu wakaiacha pombe, hata ile busaa ya mahindi na wimbi iliyokuwa na kibali cha serikali. Hakuna askari aliyewashurutisha.

Baada ya uhuru, mwaka 1980, ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Mkristo angeweza kudhani kazi imekwisha. Kumbe pombe ilihama uani ikaenda mtoni na vichakani, hongo ikawa sehemu ya bei yake, wala hapakuwa na mtu wa kukagua kilichotiwa ndani. Mwezi wa Novemba 2000, huko Mukuru kwa Njenga, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe haramu yenye methanoli, na wengine wakapofuka. Marufuku ilikuwa na umri wa miaka 20.

Mwaka 2010 Bunge likaifuta. Sheria mpya, ambayo watu waliiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeileta, iliruhusu chang'aa itengenezwe na kuuzwa, ila kwa leseni, ndani ya chupa, kwa saa maalumu, na asiuziwe aliye chini ya miaka 18. Basi mwezi wa Mei 2014, Embu, Kiambu na kwingineko, methanoli ikaua tena makumi ya watu. Wale wa kwanza walikufa chini ya sheria ya kukataza, na hawa chini ya sheria ya kuruhusu.

Sisemi sheria haina kazi. Paulo anawafundisha Warumi kwamba mtawala ni mtumishi wa Mungu, na kuzuia sumu ni utumishi huo hasa. Mimi ningependa ukaguzi uongezwe. Lakini sheria hukagua chupa. Mtu akiingia baa saa kumi na moja jioni, akatoka saa tano usiku, amekunywa karo yote ya watoto wake, hakuvunja kifungu hata kimoja. Huko Korintho Paulo alikutana na watu waliojisifu kwamba kila kitu ni halali kwao. Hakushindana nao juu ya uhalali. Aliwauliza kama kinamjenga mtu.

Hapa ndipo panaponiuma. Nimeketi katika mabaraza ya wazee wa kanisa. Analetwa mama mjane aliyekamatwa na jerikeni la chang'aa. Amekwisha kuuza mbuzi alipe faini, nasi twamwongezea: asiikaribie Meza ya Bwana mpaka atubu. Jumapili iyo hiyo mwenye baa anatoa mabati ya kuezekea kanisa, na twampigia makofi. Wawili hao wanatofautiana nini? Leseni. Mama hawezi kuipata, kwa sababu jiko lake la kuni haliwezi kutimiza masharti ya chupa na viwango. Tangu mwaka 2013 leseni za pombe zimekuwa mikononi mwa kaunti. Basi ni nani aliyeamua yupi kati ya hao ni mwenye dhambi, Neno la Mungu au karani wa kaunti?

Wengine watasema, mwacheni mama apike, anasomesha watoto. Hapana. Nabii Habakuki alimtamkia ole mtu amnyweshaye jirani yake, wala hakuuliza kama ana kibali. Watoto wa mnywaji nao wana karo. Ila tukimwambia mama azime moto ule, ni lazima tujue Januari ikifika nani atamlipia. Kina mama wa parishi wanachangiana kila mwezi. Mpikaji chang'aa huwa haalikwi katika mchango huo, nami sijasikia sababu nzuri.

Wazee wangu, baraza litakapokutana juma hili, mwiteni mama, na mwenye baa pia. Waketi kwenye benchi moja, waulizwe swali moja, na karani aandike majibu yao katika ukurasa mmoja.