Siku ya Tatu Mpe Jembe

Njia ya kuteremka kutoka vilima vya Bibokoboko hadi soko la Baraka, upande wa Kongo, huishia katika Ziwa Tanganyika. Sokoni kuna ndagala, kuna mikeke, na siku ya bahati kuna kuhe mnene. Samaki wa habari hii hamo katika beseni lolote. Ni mdogo kama kidole, ana rangi ya chai ya maziwa, na mkia wake umegawanyika kama wa mbayuwayu. Hukaa katika nyufa za mawe chini ya maji, na hatoshi hata kuonja. Lakini ndiye aliyewalazimisha wataalamu kulirudia swali la zamani: kwa nini mnyama alee watoto wasio wake?

Wageni walichelewa kumwona. Mwaka 1858 Burton na Speke walipita kwa mitumbwi ubavuni mwa Ubwari, rasi inayotazamana na Baraka, wakadhani ni kisiwa. Ikiwa rasi nzima iliwapotea, samaki wa kidole wangempata wapi? Karibu miaka 90 baadaye, mnamo 1946 na 1947, msafara wa Wabelgiji ulizunguka ziwa ukikusanya viumbe, na katika msafara huo alikuwamo Max Poll, bingwa wa samaki. Mwaka 1974 Poll alimpa samaki wetu jina la brichardi, kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyesafirisha samaki hai kutoka Bujumbura kwenda kwa wafugaji wa samaki wa mapambo ng'ambo. Wafugaji hao wakambatiza Binti Mfalme wa Burundi. Kongo ina asilimia 45 hivi ya ziwa, Burundi ina 8, lakini jina lilikwenda kwa mwenye uwanja wa ndege.

Wakati huo habari za wanyama wasaidizi, yaani wanaolea watoto wa wenzao, zilikuwa hasa habari za ndege. Alexander Skutch aliziandika mwaka 1935 kutoka Amerika ya Kati, akieleza ndege waliowalisha makinda ya wenzao. Mwaka 1964 Mwingereza William Hamilton alitoa hesabu yake: anayemsaidia ndugu yake huendeleza damu yake mwenyewe kwa njia ya pembeni. Hesabu hiyo ilipendwa, na kwa haki. Kisha mwaka 1981 Michael Taborsky, Mwaustria, pamoja na Dominique Limberger, wakatangaza kwamba hata samaki wana wasaidizi, na samaki wenyewe ndio hawa wa Tanganyika.

Familia yao ni dume na jike wenye nyumba, na wasaidizi ambao huweza kufika kumi na zaidi, wakubwa kwa wadogo. Wasaidizi husafisha mayai na kuyapepea kwa mapezi. Huchota mchanga kwa midomo na kuutupa nje ya pango. Adui akija humkabili, hata akiwa amewazidi kwa mwili. Kazi hiyo ina bei, maana msaidizi hukua polepole. Kwa nini basi asihame akaanzishe kwake? Kwa sababu ziwa limejaa samaki wala-samaki, na mdogo asiye na pango wala kundi haishi siku nyingi.

Hapo ndipo hesabu ya damu ilipopwaya. Wenye nyumba huliwa, wengine hushika nafasi zao, na msaidizi hubaki akilea watoto wa wageni. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kadiri msaidizi anavyokua, ndivyo undugu wake na kundi unavyopungua. Anachotoa ni kodi ya nyumba. Upande wa Zambia watafiti waliwaondoa wasaidizi kwa muda kisha wakawarudisha: walipokewa kwa mashambulizi, nao wakaongeza bidii. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu wa Fizi, eneo la Baraka, angeliita jambo hili salongo, kazi ya wote ambayo asiyefika hutafutwa nyumbani kwake.

Na kama katika salongo yoyote, wajanja hawakosi. Wapo wasaidizi wanaokula mayai waliyopewa kuyalinda, na madume wanaoiba nafasi ya kuyarutubisha nyuma ya mgongo wa mwenye nyumba.

Kenya nako kuna ushahidi wa namna hii. Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza mdiria weusi kwa weupe, ndege wale wanaoelea hewani kabla ya kuchupa majini. Katika Ziwa Naivasha, ambako samaki hupatikana kwa wepesi, wazazi waliwafukuza madume wageni waliotaka kusaidia. Katika Ziwa Victoria, ambako uvuvi ni wa taabu, wageni walikubaliwa. Dhiki ndiyo iliyofungua mlango.

Ziwa Tanganyika lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12, na ndani yake spishi karibu 20 za ukoo wa samaki wetu zimefikia malezi ya pamoja. Kuhe ni wa jamaa hiyohiyo pana, jamaa ya tilapia, lakini hahitaji msaidizi: dume na jike wake ni wakubwa kiasi cha kulinda watoto peke yao.

Kwa Wakongo, kituo cha kukumbukwa ni Uvira. Huko, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Wajapani kama Makoto Nagoshi walipiga mbizi na kuhesabu samaki mmoja mmoja, wakishirikiana na wataalamu wa kituo cha elimu ya maji, akiwamo Nshombo Muderhwa. Vita vya 1996 vilianzia sehemu hizohizo, na utafiti mwingi ukaendelea kusini, Mpulungu nchini Zambia.

Mawe yale bado yapo, ila vilima vilivyo juu ya ziwa vimepoteza miti mingi. Mvua ikinyesha, udongo huteremka na mito, huingia ziwani na kutanda juu ya miamba. Unapoziba mlango wa pango, wasaidizi huutoa, kinywa kwa kinywa.